Bado au Tayari

Mbwana Singano aliniomba maneno mawili.
Ana vyerehani viwili, Barabara ya Nane, Ngamiani,
na wateja wanaokuja mara nne kwa kanzu moja.
"Fundi, imeisha?" "Bado."
Kuja kutoka Pongwe nauli, kurudi nauli.
Nitengenezee ukurasa mtandaoni, akasema,
jina la mtu, na pembeni yake "bado".
Ikiisha naandika "tayari". Basi.

Nikamwambia wiki moja.
Nilikuwa nimetoka semina Dar,
kichwa kimejaa mishale na visanduku.
Maneno mawili! Nani atanisifu kwa maneno mawili?

Nikajifungia Chumbageni na feni mbovu.
Seva ya kwanza ilionekana mpweke,
nikaipa wenzake sita:
moja inajua majina, moja inajua nguo,
moja kazi yake kuziuliza hizo mbili kama zimeamka.
Bado akapata seva yake, Tayari akapata yake,
katikati nikapanga foleni,
foleni nikaiwekea mlinzi,
mlinzi nikampa daftari la zamu.
Nikaazima maktaba mia tatu na arobaini za watu nisiowajua;
mojawapo, kazi yake yote hapa duniani
ni kusema kama namba ni shufwa au witiri.

Nilitaka maji ya kunawa uso,
nikaupinda mto Zigi.

Wiki ikawa Rajabu, ikawa Shaabani.
Mbwana akipiga simu namjibu, bado.
Akacheka: "Sasa wewe ndiye fundi."

Kumi la kwanza la Ramadhani nikafungua milango.
Bi Riziki Shemweta, aliyeshonesha gauni la bintiye,
akabonyeza.
Ukurasa ukamtaka ajisajili.
Ukamtaka neno la siri; akaandika jina la marehemu mumewe.
Ukamwambia: dhaifu.
"Hakuwa dhaifu," alikuja kuniambia baadaye,
na hakuwa anatania.
Ukamtumia tarakimu sita, zikafika baada ya futari,
muda wake umekwisha.
Ukamtaka athibitishe yeye si roboti.
Kisha kile kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kikamla bando la shilingi mia tano
kabla ya herufi T.
Akapanda gari, akaja. Nauli ileile.
Gauni lilikuwa linaning'inia ukutani tangu Jumatatu.

Usiku wa ishirini na saba foleni ikaziba,
na Ngamiani nzima ikawa tayari,
hata ambao vitambaa vyao havijakatwa.
Wakaja wote.
Mimi nimeketi sakafuni kati ya vipande vya popelini,
nasoma makosa, kurasa arobaini,
na kiini chake, nilipokipata saa tisa za usiku:
seva ya Bado haimtambui Tayari.

Mbwana hakunigombeza, hakuwa na nafasi.
Alichukua chaki ya kukatia, akaandika majina mlangoni,
akarudi kwenye mashine, pini mdomoni,
nami nikamuuliza kwa nini pindo la kanzu
halipigi mistari miwili, lidumu.
"Sindano haipiti bila kutoboa," akasema kwa pembe ya mdomo.
"Kila mshono ni tundu. Sogea, unanizibia taa."

Asubuhi nikafuta.
Seva, foleni, mlinzi, daftari.
Imebaki karatasi moja ya mtandao, mistari kumi na moja,
nyeusi juu ya nyeupe, haina hata nembo.
Bi Riziki ameifungua huko Pongwe, ameona gauni la pili ni bado,
akaendelea kukaanga visheti.

Hakuna aliyenisifu.

Jina langu nalo limo, suruali ya Idi: bado.
Nalitazama hilo neno,
nawaza, lingekuwa na rangi yake. Ya chungwa, labda.
Au likibadilika, kengele ndogo ilie.
Kengele moja tu.
Nafunga kompyuta.
Nafungua tena.